Keki ya Mwenye Kosa

Fundi wetu wa mashine za kupimia umeme wa setilaiti hagusi kitu kabla ya kufunga mkononi bangili ya waya inayozuia umeme wa mwili usiunguze vifaa na kuivuta mara mbili. Hapa kiwandani Adelaide, Australia, tunamtania kwamba hulala nayo. Kila asubuhi huanza kwa kuipima mashine yake mwenyewe, akiinong'oneza, "Haya bibi, usinitie aibu." Jumanne, alipokuwa akiipima setilaiti, taa nyekundu ya hitilafu iliwaka kwenye mashine, na Darcy, mkuu wetu, akaagiza setilaiti ifunguliwe, ingawa kuifungua kulimaanisha kukosa roketi ya mwezi huo. "Subiri kidogo, bosi." Fundi akapiga magoti, akafumba macho, akaanza kupapasa nyaya za mashine yake mmoja mmoja. Kwenye wa tisa vidole vikaganda. Akaubadilisha, taa ikawa kijani. "Setilaiti yenu haina neno!" akapiga kelele kwa furaha. "Mbovu ni waya wangu!" Kwetu mwenye kosa huleta keki. Kesho yake alileta mbili, na kwa kuwa chakula hakiingii chumba cha mashine, alisimama nje ya ukuta wake wa kioo, akaionyesha mashine kipande cha kwanza. "Kosa letu sote wawili, bibi," alisema. "Chako nakula mimi."