Bakuli la Haluwa Lililobaki Mlimani

Bakuli la haluwa la babu yangu liliangukiwa na mlima. Babu mwenyewe akadai kuwa hakuwepo.

Ilikuwa 1968. Babu Thabit, kijana wa Unguja, ana miaka minne tangu ahamie Maskati, anakaa Darsait. Roho yake yote iko Bustan, ng'ambo ya mlima, kwa Masouda binti Harub, watu wa Unguja vilevile.

Mzee Harub hakuwa na maneno mengi.

"Ijumaa uje na posa yako. Usipokuja, Suud anakuja na yake."

Ijumaa ikaamka na mvua, na upepo wa joto kutoka baharini.

Jirani yake Ghanim, mchunga mbuzi aliyewahi kuchuma karafuu Pemba, akamzuia mlangoni.

"Upepo wa moto na mvua, mawe yanaachia. Nnakwambia, ngoja mpaka mbuzi wapande wenyewe."

"Ami Ghanim, hii nayo mvua? Kwetu hata nguo hazianuliwi."

Akajitwika haluwa ndani ya bakuli la bati la mama yake, huyo.

Kule juu vikaanza kuanguka vijiwe vidogo. Thabit akavitazama tu. Kisha ubavu mzima wa mlima ukaachia.

Bakuli kule, yeye huku. Mguu niponye.

Alifika Darsait, akajifungia ndani. Mlima ulimtisha, lakini kilichomuuma ni Masouda. Alijua keshamkosa.

Jumatatu kukakauka. Akaenda Bustan mikono mitupu, uongo wake tayari.

"Shikamoo, Ami. Ijumaa niliuona ule upepo, nikaamua kutulia nyumbani."

Harub akamtazama sana.

"Suud alikuja. Kapita mlimani, karowa mpaka kilemba. Nimemkatalia. Mtu wa kupita pale siku kama ile ataniachia binti mjane, hina haijafutika. Wewe una akili."

Thabit akajikausha.

"Alhamdulillahi, Ami."

Wakaoana.

Fungate lilipokwisha, asubuhi, Masouda akamletea kahawa, na haluwa kwenye bakuli la bati lililobonyea upande mmoja. Pembeni limechongwa jina: Sayyida.

Mama yake Thabit huyo. Wanawake wa Unguja hawatoi chombo kwenda shughulini bila kukiandika jina, kisipotee.

"Umelipata wapi?"

"Mlimani, Jumamosi, nikifuata mbuzi. Nimelia siku mbili nikijua uko chini ya mawe. Halafu unakuja kwa baba na akili zako."

Thabit akatazama kahawa yake.

"Ami anajua?"

"Hajui. Kula."

Bibi alilitunza bakuli lile mpaka uzeeni. Kila wakigombana, haluwa inaletwa humo, na babu anakuwa mpole.

Ndugu zangu, mlima ukianza kukurushia vijiwe, geuka, hata kama unakwenda kuposa. Na kama huna budi kuongopa, kwanza hakikisha vyombo vya mama yako havina jina.