Nina Kaburi Muleba

Sijawahi kusimulia mkasa huu bila kuinamisha uso, kwa hiyo mkiniona nacheka katikati mjue ni aibu tu, inatafuta pa kutokea.

Nilitoka Tunduma kwa basi, nikalala Singida, nikalala Kahama, siku ya tatu tukapita misitu ya Biharamulo mvua ikitupiga, na ziwa lilipojitokeza upande wa kulia nikajiambia, Festo, miaka arobaini na minne umezunguka kama pia, hapa sasa utulie, ufungue mgahawa, uzeeke.

Nilianzia Bukoba, nikapanga chumba Kashai, na huko nikahudhuria semina ya siku moja ya misingi ya biashara, tukapewa karatasi yenye misingi minne. Wa kwanza, mjue mteja wako, huo nikauruka (nani asiyemjua mtu mwenye njaa?). Wa pili, nenda pasipo na mshindani. Wa tatu, mvute mteja kabla hujamuuzia. Wa nne, heshimu saa uliyotangaza. Kwa ajili ya huo wa pili nikahamia senta moja ndogo ya Muleba, nikapanga fremu kwa Ma Koku, mjane mwenye kibanja cha migomba na kahawa nyuma ya nyumba.

Ulioniponza ni wa tatu. Marehemu mama yangu aliuza chai Makambako, kwenye baridi ile, na kila asubuhi alikoka moto mbele ya kibanda, wasafiri wakajileta wenyewe kuota. Harufu ya moshi ule nimetembea nayo nchi nzima. Nikasema, na mimi nitakoka.

Siku mbili kabla ya kufungua, homa ikaniangusha. Jioni ya kuamkia siku ya kufungua Ma Koku alibisha hodi, nikashindwa hata kuitika. Alfajiri nikaamka mwepesi ajabu, kama mtu asiye na uzito, na ukungu wa ziwa ulikuwa umefika mlangoni, barabara haionekani. Nikawasha moto wa magogo mbele ya fremu, nikatandaza majani makavu ya mgomba kuuzunguka ili watu wakae (benchi zilikuwa mbili tu), kibao changu kipya nikakifunika shuka jeupe nije nikifunue saa mbili kamili, nikafunga mlango, nikaenda uani kukanda chapati.

Wakaanza kuja. Nilichungulia kwenye ufa nikawaona wakitoka katika ukungu mmoja mmoja, wanawake wamejifunga khanga, wanaume kofia mkononi, na hakuna aliyesalimia. Mmoja alitua mkungu wa ndizi, mwingine kuni. Wakakaa juu ya majani, wakatazama moto. Watu thelathini, na sauti pekee ni magogo yanayopasuka. Moyo ukanidunda kwa furaha (nasema kweli, furaha!), nikawaza, msingi wa tatu huo. Nikataka kutoka, nikakumbuka msingi wa nne, bado dakika ishirini.

Ndipo mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti nyembamba, kwa Kihaya, na katikati ya kilio nikasikia jina langu.

Nyuma ya ukuta, Deo wa bodaboda alikuwa anaongea na simu. "Ndiyo, yule mgeni wa mgahawa. Amefariki. Sijamwona mimi, waliotangulia ndio waliomwona. Hana ndugu, hana hata kibanja cha kuzikwa. Ma Koku katoa mahali kwake, vijana wanachimba sasa hivi."

Kila aliyekuja alidhani aliyemtangulia ndiye aliyeiona maiti. Na mimi nilifanya nini? Nilijishika kifundo cha mkono kutafuta mapigo, na kwa muda mrefu sana sikuyapata.

Hofu ikanitoa nje jinsi nilivyo, aproni nyeupe, unga usoni hadi kwenye kope, sinia ya chapati mkononi, na maneno niliyokuwa nimeyakariri wiki nzima yakatoka yenyewe: "Karibuni, ya kwanza ni bure!"

Sitaeleza makelele yale. Deo aliacha pikipiki ikiunguruma. Aliyebaki ni Ma Koku peke yake, akasogea, akanipitishia kidole shavuni, akakitazama.

"Unga," akasema. "Waitu, kumbe unga!"

"Mama, mimi ni mzima."

"Moto wa magogo mbele ya mlango uliofungwa, majani chini, shuka jeupe. Huku huo ni msiba, mwanangu. Kwa nini hukuuliza?"

Nikamwambia nilitaka wateja. "Si wamekuja?" akasema, na hakucheka.

Shimo lilikuwa limefika kiunoni, na wazee wakasema shimo la mtu haliachwi tupu. Wakang'oa mgomba na kisiki chake, wakauzika badala yangu. Mimi nikakatazwa kusogea.

Baada ya hapo nilifungua kila siku, saa mbili kamili. Walinipungia mkono kwa mbali. Mama mmoja alinunua chapati, akaniomba niiweke kwanza kwenye benchi asipokee mkononi mwangu. Nani ale chakula cha mtu aliyekwisha kuliliwa? Asubuhi za ukungu nilisimama nyuma ya fremu nikatazama tuta lile, na mwezi wa pili, jamani, likatoa chipukizi.

Siku niliyoondoka kabisa, chipukizi hilo lilikuwa limenifika gotini. Ma Koku alinisindikiza hadi stendi, akanipa kahawa za kutafuna zilizofungwa kwenye jani.

"Mama, nisamehe usumbufu," nikasema.

"Usumbufu gani? Ukichoka kutembea, rudi. Mahali pako tunapalilia."

Tangu siku hiyo sikoki moto mbele ya mlango wowote bila kuuliza kwanza moto huo hapo unamwita nani. Karatasi ya semina ninayo bado, na msingi wa kwanza nimeupigia mstari. Maana nimepita mikoa mingi, na pote huko sina hata hatua moja ya ardhi, isipokuwa ile.