Majina Halisi Katika Daftari la Sarla

Rungu la kwanza la Walter liliangukia chupa za vifungo. Vioo viliruka, vifungo vikatapakaa sakafuni, na Sarla Bhalla, mwanamke wa miaka sabini na mmoja, akahisi damu ya moto ikimtiririka shavuni.

"Sikuja kununua uzi, Mama," Walter alisema. "Nimesikia umeniandika. Leta hicho kitabu."

Sarla alizaliwa Kisumu, binti wa seremala wa reli, akajifunza Kihindi katika darasa la hekaluni. Kwa miaka arobaini aliwauzia mafundi cherehani wa soko la Kibuye nyuzi na vifungo, na kila alfajiri, kabla ya kufungua duka, aliandika riwaya kwa Kihindi. Nne zilichapishwa India, zikasomwa na watu wasiowahi kuliona ziwa. Mjini kwake hakuna aliyezisoma, lakini mafundi walijua kwamba Mama Sarla ana masikio mapana na mdomo mzito, nao walimwaga mbele yake yaliyowajaa kifuani.

Alikuwa na desturi moja. Katika nakala ya kwanza kila mtu aliitwa kwa jina lake halisi, kwa sababu, kama alivyozoea kusema, ukimwita mtu kwa jina la kuazima atakataa kuzungumza. Majina aliyabadilisha mwishoni kabisa. Desturi hiyo haikumdhuru kamwe, hadi siku alipojisifu kidogo hekaluni kwamba riwaya yake ya tano inahusu machimbo ya mchanga ya upande wa Pap Onditi. Maneno hayana miguu, lakini yalitembea mpaka kwa Walter, bwana wa machimbo hayo.

Miaka mitatu nyuma, Walter alimuua kwa panga dereva wa lori aliyeitwa Waliaula, mchana kweupe machimboni, kwa kuwa dereva huyo alitaka kuwaambia polisi kuhusu vibarua wawili waliofukiwa na mchanga wakaachwa humo humo. Panga la kwanza lilimpata begani, la pili shingoni. Mke wa Waliaula, Benta, fundi cherehani wa Kibuye, alikuwa amemletea chakula. Alijificha nyuma ya gurudumu la lori, akaona yote, akaziba kinywa chake kwa kanga. Hakumwambia mtu ila Sarla, tena kidogo kidogo, kwa muda wa miaka miwili. Sasa jina la Benta lilikuwa katika daftari la riwaya hiyo ya tano, katika kila ukurasa wa sura ya saba.

Walter alikuwa amekuja na Farouk, ambaye aliuza vitambaa katika maduka ya Wahindi kwa miaka thelathini. Farouk alikielewa Kihindi kwa sikio, kukisoma hakujua.

"Soma hapo uliponiandika," Walter alimwamuru Sarla. "Huyu atanitafsiria. Ukinidanganya, nakupasua kichwa kama boga."

"Mama Sarla, nisamehe," Farouk alinong'ona. "Alinikamata dukani."

"Nani amekwambia uombe msamaha? Kwani hapa ni msikitini?" Walter alimtandika kofi lililompeleka ukutani.

Sarla alifungua sura ya saba na kusoma kwa Kihindi. Mauaji aliyasoma kama yalivyo, pigo kwa pigo, kwa maana Walter aliyajua kuliko yeye. Farouk alitafsiri, damu ikimtoka puani.

"Na nani aliona?" Walter aliuliza.

Ukurasa ulisema Benta. Sarla hakuinua macho. Kwa sauti ile ile alisoma kwamba aliyeona ni Waswa, mzee mpakiaji. Waswa alikuwa amekufa maji mwaka uliopita, na maiti hauawi mara mbili.

"Waswa!" Walter alicheka. "Mzee alikuwa ananisalimia kila asubuhi, jamani yawa! Na mke wa marehemu? Alikuwa wapi siku hiyo?"

Sarla aliendelea kusoma: Benta alikuwa Kibuye, akishona sare za shule, na habari ilimfikia jioni. Maneno yalimjia yakiwa yamekamilika, kama sentensi zake bora za alfajiri. Ila kosa lilikuwa limekwisha kutendeka. Maandishi yaliishia katikati ya ukurasa, na kidole alichokuwa akifuatia mistari kilikuwa kikitembea juu ya karatasi tupu. Farouk alikiona. Akaacha kutafsiri.

"Farouk, omera, amesema nini?" Rungu lilipanda juu.

Farouk akatafsiri: "Amesema mke alikuwa Kibuye, akishona sare. Alisikia jioni."

Walter alilitazama jiko la chai lililokuwa likiwaka nyuma ya meza. "Choma. Kwa mkono wako."

Hapo Sarla alianza kulia na kumsihi alisaze daftari. Alijua kwamba mwandishi asiyesihi atashukiwa. Tena lilikuwa daftari lake pekee, kazi ya miaka sita, na machozi hayakuhitaji kutafutwa. Alichana kurasa, akazitia motoni mojamoja. Sura ya saba aliitia katikati, bila haraka, mikono ikimwasha kwa hamu ya kuitanguliza.

Moto ulipomaliza, Walter aliukamata mkono wake wa kulia, akaulaza juu ya meza na kuupiga rungu mara tatu. Mifupa ya vidole ililia kama kuni kavu.

"Sasa andika," alisema, akatoka akikanyaga vifungo.

Farouk alirarua shati lake, akaufunga mkono ule. "Twende hospitali, Mama. Inuka."

"Nitakwenda peke yangu. Wewe kimbia Kibuye, umtafute Benta."

"Mkono wako unavuja damu!"

"Uache uvuje. Mwambie siku ile alikuwa akishona sare, habari ikamfikia jioni. Walter akipita kumuuliza, aseme hivyo hivyo, asiongeze neno. Mfikie kabla yake."

Farouk aliyarudia maneno hayo mara mbili, kama mwanafunzi, kisha akatoka mbio.