Mkono wa Mkonge

Mama alikata mkonge Korogwe tangu usichana wake, na mkono wake haukusahau. Baba alipofariki, mama akarithi kazi ya kupogoa mizabibu yetu ya Mkata, ile ambayo baba aliitoa Dodoma ikiwa vijiti kwenye gunia lililoloweshwa, kabla sijazaliwa. Akaipogoa kama mkonge: anatoa majani ya chini, ncha haigusi. Kwenye mkonge ukikata ncha umeua mmea. Kwenye mzabibu ukiiacha, unapata majani ya kushibisha mbuzi na zabibu chache za kuonjeshana.

Misimu mitatu hatukukamua divai. Kaka yangu akasema ing'olewe yote, tupande machungwa. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Shamba lile halijawahi kuonja dawa ya dukani, tunatumia majivu, mwarobaini, na samadi ya jirani yetu Mwislamu, ambaye kila akiileta husema, "Mimi natoa samadi ya zabibu. Hayo ya kwenye mapipa siyajui."

Mwishowe kaka akanipa msimu mmoja wa kuinusuru.

Baba alikuwa akikata bila huruma, anaacha macho mawili tu ya kuchipua kwa kila tawi. Nami nikakata hivyo, isipokuwa mstari wa karibu na nyumba, ambao mama aliulinda kwa kuweka kigoda chake katikati. Kesho yake kila nilipokata palikuwa panadondosha maji. Mama akashika kichwa.

"Umeiua, mwanangu. Baba yako alituachia hii tu, na umeiua."

Niliogopa mno, maana sikuwa nimewahi kupogoa hata mti mmoja. Nilikuwa namtazama baba tu. Wiki nzima na zaidi mama alinitengea chakula kisha akarudi kukaa kwenye kigoda chake.

Kisha macho yakapasuka. Mama ndiye aliyeona kwanza, ndani ya vichipukizi, vishada vidogo kama punje za uwele. Akanifuata jikoni na kisu chake cha mkonge.

"Mstari wangu bado. Njoo unionyeshe nikate wapi."

Tawi la kwanza alilikata amefumba macho. La pili aliyafumbua. Nililia, sioni haya kusema. Tulikuwa tumefika katikati kaka alipotokea, akauliza miche ya machungwa ailete lini.

"Kapande kwako," mama akamwambia bila kugeuka. "Hapa okota matawi."