Shangazi na programu ya zamu za maji

Leo nimefunzwa Linux na shangazi yangu, ambaye hata kuwasha kompyuta hajui.

Nimeandika programu ya kupanga zamu za maji ya falaji, mfereji wetu wa pamoja, kwa mitende yetu hapa Ibra. Miaka yote zamu zimo kichwani mwa Shangazi Zuwena. Ami yangu yuko mlangoni anangoja karatasi ya zamu, funguo za gari mkononi.

Nimekompaili msimbo uwe programu. Hakuna kosa hata moja.
Nikaandika: zamu
Mashine ikajibu haiijui amri hiyo.
Nikarudia. Haiijui! Na faili naliona pale pale, nikalalamika kwa sauti!

Shangazi anachambua mchele, hata uso hakuinua.
"Unaita jina tupu. Mtu akija hapa akimtaka Salim, si namuuliza kwanza Salim wa nyumba gani?"

(Kina Salim kwetu ni watatu. Mtaani sijui wangapi.)

Wallahi, nikakumbuka. Linux haitazami kwenye folda uliyomo mpaka uiambie, kwa nukta na mkwaju, kuwa amri ni ya hapa hapa.
./zamu
Ikafanya kazi! Nikaanza kujisifu.

Shangazi akavaa miwani, akasoma ratiba kwenye skrini.
"Ijumaa adhuhuri si yetu. Maji hayo ni wakfu wa msikiti."

Nikaangalia. Nilihesabu siku kuanzia sifuri, zamu zote zimesogea siku moja. Jamani, nilikuwa naiba maji ya msikiti!

Nikarekebisha, nikakompaili tena, nikaita kwa adabu: ./zamu

Akasoma mpaka mwisho.
"Haya. Mpe ami yako."

Nyinyi shahada zenu ziko ukutani. Mimi yangu ndiyo hiyo "Haya" ya Shangazi.