Maficho ya Watu Wawili

Mume wangu ni fundi bomba, na kila kitu hukijenga kwa bomba: kitanda cha watoto, rafu ya viatu, hata mkongojo wa mama yake. Kwa hiyo aliposema anatengeneza maficho mapya ya boti, ya kuwindia bata mwitu, nilijua ua wangu umekwisha.

Maficho yenyewe ni fremu ya bomba za plastiki inayozunguka boti. Fremu huvishwa wavu, wavu nao hufumwa matete makavu, ili bata wakipita waone kichaka tu. Kazi hiyo alizoea kuifanya na kaka yake, fundi umeme, ambaye sote tulimwita Shoto kwa ajili ya mkono wake wa kushoto. Mtaani walitaniwa kwamba maji na umeme havikai pamoja. Wao walikaa, kila msimu, mgongo kwa mgongo ndani ya boti moja, bunduki moja kulia na nyingine kushoto.

Shoto alianguka kutoka kwenye ngazi akiwa kazini, akafa. Mume wangu alibeba jeneza, akawashukuru waombolezaji, kesho yake akaenda kuzibua sinki la watu. Hakulia, wala hakumtaja tena kaka yake. Watu walimsifu kwa ushujaa. Mimi nilikuwa naishi na gogo. Alikula nikimwekea, akalala nikizima taa. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Niliusubiri huo mshindo mpaka nikaanza kuogopa kwamba haupo.

Maficho yalipokamilika nilikwenda kuyatazama. Alikuwa ameacha madirisha mawili ya kupigia bunduki. La kushoto lilikuwa chini kidogo, kimo cha Shoto akikaa. 

Siku ya kuyajaribu aliniomba nisimame ukingoni mwa ziwa nimwambie kama anaonekana. Akasukuma boti, akakaa mahali pake. Boti ikalala upande wake, maana ule mwingine haukuwa na mtu, na maficho yakainama kuelekea kwangu, wazi kwa juu. Nilimwona kuanzia kofia hadi viatu. Nikamwambia hata bata kipofu angemwona.

Akarudi, akatoa spana, akakaza viungo ambavyo havikuwa na kasoro. Akaingia tena majini, boti ikalala tena. Akarudi, akaanza kukaza kiungo kilekile, uso mkavu kama ukuta. Hasira zikanipanda, na huruma nayo ikaja pamoja nazo. Kuogelea sijui, na bata simpendi hata akiwa sufuriani. Nikakunja gauni, nikaingia botini, nikakaa kwenye dirisha la kushoto na kumpa mgongo.

Boti ikakaa sawa.

Alipiga kasia mpaka katikati ya matete, akavuta wavu juu yetu. Ndani ya maficho watu hunong'ona, ndiyo desturi ya wawindaji, kwa hiyo naye alinong'ona.

"Kaka amekufa, mke wangu."

"Ndiyo," nikasema. "Amekufa."

Nikausikia mgongo wake ukianza kutetemeka mgongoni kwangu. Bata wakapita juu yetu, chini kabisa, wala hawakutuona.