Chai ya Zernigar Siku ya Posa

Theluji ilianza kuanguka mjini Sheki tangu alfajiri, na kufikia saa nne asubuhi njia ya kupanda mtaa wa juu ilikuwa imefukiwa kabisa. Zernigar alifurahi. Si kwamba alipenda baridi, kwa maana magoti yake yalimtesa kila mwaka majira hayo. Alifurahi kwa sababu Sefure naye alikuwa na magoti, tena mabovu kuliko yake, na leo gari lisingeweza kumfikisha mlangoni. Angeupanda mlima ule kwa miguu yake mwenyewe, kuja kuposa.

"Apande," Zernigar aliyaambia majani yake ya chai. "Apande mpaka ulimi umtoke."

Alikuwa na kabati zima la majani hayo. Miaka ishirini na sita alifanya kazi kiwanda cha hariri, mikono ndani ya maji ya moto, na tangu astaafu starehe yake ilikuwa moja tu: theluji nje, samawari ndani, na asiwepo mtu wa kumharakisha. Alikuwa na majani meusi ya Lenkoran kwenye mkebe wa bati, zaatari ya mlimani kwenye kifuko cha kitambaa, mawaridi makavu, hiliki. Chai ya pakiti za kuchovya aliiita mavumbi ya kufagiwa sokoni. Majani aliyaacha yaive juu ya samawari kwa muda wa kumsengenya jirani mmoja, si wawili, kisha alimimina kwenye glasi ndogo yenye kiuno na kuiinua dirishani aione rangi. Rangi isipompendeza, aliimwaga.

Leo aliimwaga mara mbili. Moyo haukuwa kwenye chai.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa alikuwa amechumbiwa na kaka yake Sefure. Sefure, ambaye alimtaka rafiki yake mwenyewe awe wifi yake, alipita nyumba hadi nyumba akinong'ona kwamba mvuke wa kiwanda umemharibu Zernigar kifua, kwamba anakohoa damu na kuificha kwenye leso. Uongo mtupu. Lakini pete ya upande wao ikaombwa irudishwe, na baada ya hapo hakuna mwenye mtoto wa kiume aliyethubutu kupanda mlima ule. Miaka thelathini na moja. Kaka mtu alioa akahamia Baku, akanenepa. Zernigar alibaki na kiwanda, na baadaye na Turane, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu ana miaka mitano. Hakuwahi kumsimulia. Aliona aibu.

Na sasa Turane, mwenye miaka ishirini na nne, kati ya vijana wote wa mji mzima, alikuwa amempenda Rauf, mtoto wa Sefure. Malipo ni hapa hapa duniani, Zernigar aliwaza, na yangu yameletwa hadi mlangoni.

Tusimwone mnyama. Alikwisha amua kutoa idhini. Rauf alikuwa kijana mwema, na Turane akitajiwa jina lake tu alichanganya chumvi na sukari. Ila kabla ya idhini, Sefure angesema. Angesema kwa mdomo ule ule, mbele ya watu.

Wakaja saa sita, Sefure na wifi yake Gulsabah, mke wa mdogo wake, nyuso zao nyekundu kama nyanya kwa baridi, wakipukuta theluji mlangoni. Sefure alikuwa akihema.

"Dada Zernigar, nyumba yako iko mbinguni!" alisema.

"Zamani uliipanda bila shida," Zernigar alijibu. "Karibu jikoni, kuna joto. Au unaogopa mvuke?"

Gulsabah, ambaye hakujua lolote kwa kuwa aliolewa kutoka mji mwingine, Gakh, alicheka akidhani ni utani. Sefure hakucheka.

Wakakaa. Kulikuwa na halua, jozi na jamu ya matunda. Turane alileta chai, glasi tatu, uso umemwiva, akakaa karibu na bakuli la sukari huku ameshika koleo lake dogo. Chai ya posa kwao haitaki hotuba. Wageni huletewa chai chungu, isiyo na sukari, nao hawaigusi. Nyumba ikikubali, sukari hutiwa ndani ya glasi zao na kukorogwa. Ikikataa, sukari hubaki bakulini, na wageni huyatafuta makoti.

"Kwa idhini ya Mungu," Sefure alianza, "tumekuja kwa ajili ya Rauf wetu..."

"Najua mlichokujia," Zernigar alimkatiza. "Lakini ni wajibu wangu kuwaambia ukweli, msije mkasema tumewauzia mbuzi kwenye gunia. Huyu binti amelelewa na mtu anayekohoa damu."

Gulsabah aliacha kutafuna jozi.

"Dada..." Sefure alisema taratibu.

"Si ni wewe uliyesema? Au nimesikia vibaya miaka yote hii?"

"Shangazi, unaumwa?" Turane aliuliza kwa hofu.

"Muulize mama mkwe wako."

Gulsabah aligeuka. "Sefure, anaumwa nini huyu?"

Sefure aliitazama chai yake iliyokuwa inapoa. Zernigar alimla kwa macho. Alijisikia mwepesi, kama ameshushiwa mzigo wa kuni mgongoni, na wala hakuona haya kufurahi. Mtenda akitendewa hujihisi kaonewa. Basi na ajihisi.

"Haumwi," Sefure alisema mwishowe. "Hakuwahi kuumwa."

"Paza sauti! Gulsabah ametoka mbali."

"Nilidanganya!" Machozi yalimtoka. "Nilikuwa msichana mjinga. Nilimtaka rafiki yangu Meleyke awe wifi yangu. Nikasema Zernigar ana kifua, watu wakaamini. Nikaona wameamini, nikaogopa kurudi nyuma. Haya, nimesema. Umeridhika?"

"Bado kidogo," Zernigar alisema. "Sema umri wangu siku ile."

"Kumi na tisa."

"Na leo?"

"Hamsini."

"Sasa nimeridhika." Na kweli aliridhika, hadi vidole vya miguu. Akamgeukia Turane, akamwambia kwa sauti ya upole aliyokuwa ameitayarisha wiki nzima, "Haya mwanangu. Watie sukari wageni."

Turane hakusogea. Alikuwa amemkodolea macho, si Sefure, bali shangazi yake, kama anayehesabu asubuhi zote alizomwona mwanamke huyu akitoka peke yake kwenda kiwandani. Kisha akaweka koleo chini.

"Bi Sefure," alisema, "leo umekiri kwa sababu mwanao ananitaka. Je, nikiingia kwako, kesho usiponipenda, utasema nakohoa?"

"Mwanangu, hayo yalikuwa ya zamani!"

"Shangazi yangu bado yupo. Si wa zamani."

Akalivuta bakuli la sukari, akalifunika kwa kitambaa.

"Turane!" Zernigar alisimama. "Acha upumbavu! Rauf amekosa nini?"

"Na wewe ulikuwa umekosa nini?"

Sefure alikwisha kuwa mlangoni, Gulsabah akimvalisha koti kwa fujo, huku akiguna, "Nyumba gani hii!" Zernigar aliwafuata hatua mbili akafungua mdomo awaite, na jina la Sefure, ambalo alikuwa amelitafuna miaka thelathini na moja, lilikataa kutoka kwa wema. Mlango ukafungwa.

Akakimbilia dirishani. Rauf alikuwa ameshindwa kungoja kwenye gari kule chini ya mlima. Alikuwa amepanda hadi getini, theluji imemfika ugokoni, kofia mkononi, anatabasamu. Alimwona mama yake akitoka. Zernigar aliona tabasamu likianza kupungua, kisha likaisha, kisha uso mzima ukaporomoka.

Ndio uso alioutamani kuuona kwa mtu wa nyumba ile tangu ujana wake. Nyuma yake Turane alikuwa ameanza kulia kwa sauti, na ilibidi mtu aende kumshika. Zernigar alilijua hilo. Lakini alibaki dirishani, Mungu amsamehe, akautazama ule uso mpaka kijana alipogeuka.